Kizibo cha Mwalimu wa Kwaya

Ukibisha hodi kwa Mwalimu wa Kwaya wakati wa alasiri, ulijibiwa hivi: "Karibu, ila usipumue." Hakuwa anatania. Mezani kwake palikuwa na vitu vidogo kama punje za ulezi, na pumzi ya mtu aliyeshiba ilitosha kuvirusha hadi uvunguni. Kwa hiyo wageni tuliingia tumebana pua kama watu wanaopita karibu na mzoga, tukaketi kwenye benchi la ukutani, tukatazama kidole chake. Kidole kikiinuka, unavuta hewa kwa kugeukia dirishani. Kikishuka, unabana tena. Mimi nilikuwa jirani yake pale mtaa wa Mukendo, ukuta kwa ukuta, na nimepitisha sehemu kubwa ya ujana wangu bila hewa.

Mimi ni Mama Nyangeta. Nilikuwa mshonaji, cherehani yangu barazani, na katika kwaya niliimba sauti ya pili. Nasema kwaya ya nyimbo za kanisani, maana kwetu Musoma ukitaja kwaya ovyo mtu atadhani unazungumzia kabila. Habari za kuzaliwa kwa Mwalimu na ukoo wake waulizeni ndugu zake. Mimi nitasema niliyoyaona kwa macho na kuyanusa kwa pua.

Na kunusa kulikuwepo, kwa sababu nyumba ile ilinukia misa ya wafu. Vile vitu vya mezani vilikuwa vipande vya redio zilizokufa, naye aliviunga kwa kulehemu. Kulehemu kunataka utomvu fulani mgumu, unaopakwa kidogo mahali pa kuungia ili risasi ikiyeyuka ishike. Miaka ile utomvu huo haukuwepo, kama sukari isivyokuwepo, na sabuni, na kanga. Mwalimu akawaza: ubani nao si utomvu? Akawa anaomba makombo kwa mtunza sakristia, akiyasaga na mafuta ya taa kidogo. Kila alipogusa chuma cha moto, moshi wa ubani ulipanda hadi kwangu. Kuna mpangaji mmoja mgeni alinusa, akajifunga kanga kiunoni akaingia analia, akidhani kuna msiba. Kidole cha Mwalimu kilikuwa chini. Yule mama alionyeshwa benchi akalie pale, na alilia kwa kubana pumzi mpaka macho yakamtoka, hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba hajafa mtu.

Alikuwa na kazi ya mshahara vilevile. Alipima magunia kule gatini, meli zinapopakiwa, kwenye mzani mkubwa unaoweza kubeba ng'ombe. Asubuhi magunia, alasiri punje. Alisema mizigo mikubwa ilimchosha kwa sababu haina siri.

Watu walimletea redio zao mbovu. Akazikataa zote. Hili lilituudhi sana, maana redio ilikuwa ndiyo dunia, na hapa tuna mtu mwenye chuma cha kulehemu anakaa anaunganisha kitaa kinachowaka ukifunua sufuria. Mume wangu alimwambia wazi kwamba huo ni uchoyo. Mwalimu alijibu kwa upole: "Mimi si fundi, bwana. Fundi anatengenezaga vitu vya watu. Mimi nachezaga tu." Hatukuwa tumezoea kuona mtu mzima anacheza na kukiri. Wakati ule wa kusaka walanguzi, mgambo walipopita nyumba kwa nyumba wakitafuta vitu vilivyofichwa, walikuta kwake mkebe wa dawa ya kikohozi umejaa vipande vya rangi vyenye miguu ya waya. Wakauliza ni nini. Akasema ni vya kuchezea. Mgambo mmoja hakuridhika, akatia kimoja mdomoni akakitafuna, akatema, akasema hiki hakiwezi kuwa magendo, hakuna mtu angekinunua. Mwalimu alikereka kwa juma zima, si kwa kupekuliwa, ila kwa kile kilichotafunwa, ambacho alidai kilikuwa kizuri.

Lakini mchezo wake mmoja haukuwa mchezo, na chanzo chake kilikuwa Bunda.

Parokia ya Bunda ilitualika kwenye sherehe yao. Tukaenda juu ya lori la pamba, tumevaa sare nilizoshona mwenyewe kwa mapazia ya watu mbalimbali. Mwalimu alijua nyimbo kuliko yeyote niliyewahi kumwona, ila alikuwa na ugonjwa mmoja: akiona watu wengi, sauti yake ilipanda. Nyumbani "do" yake, ile sauti ya kuanzishia wimbo, ilikuwa ya mtu mzima. Mbele ya umati ikawa ya mbuzi aliyebanwa na mlango. Siku ile alituanzishia huko huko kwa mbuzi, tukapanda naye kwa utii, na tulipofika kwenye aleluya akina mama wa sauti ya kwanza walibaki wamefungua midomo na hakuna kilichotoka. Ndipo mama mmoja wa kwaya ya Bunda, mnene, mwenye huruma ya kukusudia, akainuka na jagi la maji na kikombe, akatupitishia mmoja mmoja mbele ya watu wote.

"Poleni," akasema. "Mnywe taratibu."

Tulikunywa, tungefanya nini? Njiani kurudi, karibu na Musoma, Mwalimu akasema kwamba hatakufa kabla hajatoa "do" iliyo sawa mbele ya yule mama. Hilo tu ndilo alilolitaka duniani. Wengine walitaka mabati.

Ungesema anunue kinanda. Kwanza vinanda vilikuwa wapi? Pili, kwenye mashindano ya kwaya zetu, yaani Musoma, Bunda na Butiama, vinanda vilikatazwa, baada ya watu kukaribia kupigana ngumi kuhusu nani akae na kinanda cha parokia. Kila mtu aimbe kwa koo alilopewa na Mungu. Kwa hiyo Mwalimu alihitaji kitu kinachotoa "do" kimefichwa ndani ya kiganja. Akachagua kizibo cha soda. Na vifaa vya kuenea kwenye kizibo akavipata kwa padri mzee wa kizungu, aliyekuwa anarudi kwao na akamwachia kifaa chake cha masikioni cha kumsaidia kusikia, kilichokufa. Mwalimu alikipasua akakichambua kama mtu anayechambua dagaa kutoka kwenye mchanga. Vitu vya ndani vilikuwa vidogo hata ulezi ukawa mkubwa.

Chuma chake kilikuwa msumari mnene wenye waya wa shaba uliozungushwa nchani, ukachongwa kama sindano, ukapashwa moto kwenye jiko la mkaa. Kibano kilikuwa cha kutolea miiba. Jichoni aliweka kioo cha kukuzia maandishi, nacho cha yule padri. Kwanza alisugua mahali mpaka pang'ae, kwa sababu, alisema, risasi ni kama mkwe, haikai mahali pachafu. Halafu tone dogo la risasi. Halafu akishika kile kipande kwa kibano, aligusa mguu mmoja tu, akangoja upoe, ndipo akaenda mguu wa pili. Ukimkamata miguu yote kwa pamoja, alisema, atakuponyoka. Na kitu kidogo hakitaki nguvu, kinataka adabu.

Haya aliyasema mtu ambaye kwenye mazoezi ya kwaya alitutupia vitabu vya nyimbo. Wanaume wa sauti ya nne aliwaita magunia. Mimi aliwahi kuniambia kwamba naimba kama cherehani isiyotiwa mafuta, na mbele ya mume wangu. Lakini ukimsikia mezani na kile kipande kisichotaka kukaa, ungedhani anabembeleza mtoto mchanga. "Njoo mama. Njoo. Hapo hapo. Asante." Mkewe aliyekuwa akichambua mchicha mlangoni alisema angekuwa anaongeleshwa yeye hivyo angekuwa amenenepa. Na mikono ile isiyotikisika kwenye kizibo, ukiipa kikombe cha chai inamwaga. Hakuweza kutunga uzi kwenye sindano. Nilimjaribu, akashindwa, akasema sindano yangu imetengenezwa vibaya.

Kipande kikianguka, ilikuwa amri ya nyumba nzima. Kila mtu anasimama alipo, anavua viatu, anavikung'uta, kisha watu wanapiga magoti na kupapasa sakafu kwa viganja, kuku wakifukuziwa nje. Kanuni ya kuku iliongezwa baadaye, na nitasema kwa nini.

Kulikuwa na kijidude kimoja cheusi chenye miguu mitatu, roho ya kizibo chote, na hakikuwa na mwenzake mkoa mzima wa Mara. Kikaanguka. Kabla hatujavua viatu, kuku mwekundu akaingia kutoka uani, akakiona, akakimeza, akatutazama. Mwalimu alisimama na panga. Mkewe akasimama na kuku. Kuku yule alikuwa amewekewa wakwe waliokuwa wanakuja Jumapili kutoka Butiama, na hachinjwi kabla. Mwalimu alikesha na wasiwasi huo hadi Jumapili, akimfuata kuku uani kwa kijiti na kuchunguza alichoacha nyuma. Hakikutoka.

Jumapili mkewe akachinja mapema, akapasua firigisi, akaisafisha vizuri kama mwanamke anayejua kwamba firigisi inaliwa na baba yake mzazi, na uchafu wa ndani akautupa shimoni bila kufikiri. Mwalimu alipotoka kanisani akaambiwa. Akaingia shimo la takataka na koti lake la Jumapili. Wakwe walifika akiwa humo hadi kifuani, kibano mkononi, na kwa kuwa huwezi kuwaacha wakwe bila salamu, aliwaamkia kutoka shimoni kwa heshima zote, akauliza habari za ng'ombe, akaomba radhi, akazama tena. Baba mkwe alitafuna firigisi yake akitazama lile shimo. Wakati wa chai tulisikia kelele ya furaha. Kimepatikana, na kilifanya kazi. Tangu hapo kwaya nzima tulijua kwamba "do" yetu imepita tumboni mwa kuku.

Siku kizibo kilipolia mara ya kwanza, sote tulikuwa kwenye benchi, kidole chini. Sauti ilikuwa nyembamba ya mbu mwenye akili. Alikiweka sikioni, akasikiliza, akaimba "do," na ilikuwa "do" ya mtu mzima. Akanipa na mimi nisikilize. Nilifurahi mpaka nikapumua bila ruhusa, akanisamehe.

"Unaona, Mama Nyangeta," akaniambia. "Kizibo hakiogopagi watu. Mimi ndo naogopaga."

Siku ile kililia kwa betri kubwa ya tochi; kilichobaki ni betri ya kuenea kiganjani. Miaka ile betri zilianikwa juani juu ya mabati, pembeni ya dagaa, ili zipate nguvu kidogo za kumaliza taarifa ya habari. Kizibo kilitaka betri ya saa, ya duara, ndogo kama dengu, na Mwalimu aliitoa kwenye saa yake mwenyewe ya namba. Kuanzia hapo akawa anatuuliza saa sisi. Kila siku alikisikiliza kizibo, asubuhi, mchana, akienda gatini, akirudi. Alikuwa mtu aliyepata alichokitaka. Nikamuuliza hako kabetri hakatachoka. Akasema anakaanikaga, jua la Musoma linafufua.

Mashindano yakawa Butiama. Nilishona sare mpya kwa magunia ya ngano yaliyochemshwa mpaka maandishi yakafifia, ingawa mgongoni kwa mwenyekiti bado ulisomeka uzito. Bunda waliimba kabla yetu, wakaimba vizuri, wakaketi benchi la mbele. Yule mama alikuwepo. Na chini ya benchi, kati ya miguu yake, niliona jagi. Mwalimu naye aliliona. Jasho likamtoka hapo hapo.

Wimbo wetu ulikuwa wa Pasaka, wenye beti nyingi. Mwalimu akasimama mbele, akajikuna sikio kwa kiganja chenye kizibo, akatupa "do." Ilikuwa tamu. Tuliimba ubeti wa kwanza kama hatujawahi kuimba, na nikamwona yule mama analisukuma jagi nyuma kwa kisigino. Hapo Mwalimu angeendelea tu. Lakini hakujiamini, alikiamini kizibo. Mwisho wa ubeti akajikuna tena, ahakikishe kwamba woga haujampandisha, na kwa kuwa betri imeanza kuchoka, kizibo kikampa "do" ya chini kidogo. Akadhani yeye ndiye aliyepanda. Akaturekebisha. Tukashuka naye.

Ubeti uliofuata akajikuna tena, tukashuka tena. Sisi tulikuwa watu watiifu, tumefundishwa kwa vitabu vya kutupiwa. Mwishoni akina mama wa sauti ya kwanza walikuwa wamekuja kwangu, mimi nilikuwa kwa wanaume, na wanaume walikuwa chini ya sakafu, wananguruma na shingo zimevimba. Bwana alianza kufufuka vizuri kabisa, na sisi ubeti kwa ubeti tukamrudisha kaburini. Tulipomaliza hakuna aliyepiga makofi wala kucheka. Mzee mmoja alivua kofia. Bunda wakashinda. Yule mama alitutazama mdomo wazi, na hakuinuka na jagi.

Hilo ndilo lililomuumiza Mwalimu kuliko yote. Kwenye lori alisema polepole, "Hata maji hakutuletea. Tumefika pabaya." Nilimhurumia sana siku ile.

Akaiacha kwaya. Kizibo akakitia kwenye mkebe wa dawa ya kikohozi, na Bunda hakukanyaga kwa miaka mingi. Akisafiri kwenda Mwanza alifumba macho basi likisimama pale. Kulehemu hakuacha, ila hakutengeneza tena kitu chenye sauti. Alitengeneza vitaa vya kuwaka na kuzima, visivyo na faida kwa yeyote, navyo vilikuwa vizuri.

Kisha mambo yakafunguliwa. Maduka ya Mukendo yakajaa mpaka vitu vikatoka nje barazani: redio, saa, mitumba, betri za kila umbo. Mwalimu alizunguka akitazama betri zile za duara zimepangwa kama pipi, akatingisha kichwa. Vitu vya ndani ya redio navyo vikazidi kuwa vidogo, vikafika mahali pa kukosa miguu kabisa, chembe tu, wakati macho yake yanafifia. Alilalamika kwangu: kitu kisicho na miguu unakikamataje? Siku moja nilimpelekea kadi ya Krismasi inayoimba ukiifungua. Niliogopa atahuzunika, kwamba kazi yake yote ile sasa imebandikwa kwenye karatasi. Akaifungua, akasikiliza mpaka mwisho, akaifunga. "Iko juu sana," akasema. "Imeona watu."

Mtoto wa wifi yangu alipoolewa Kabasa, kule Bunda, nilimwomba Mwalimu tufuatane. Alikuwa mjane tayari, mzee, anatembea kwa kupapasa. Aliuliza kama kwaya ya Bunda itaimba. Nikamwambia ukweli kwamba itaimba. Akasema basi akae nyuma ya nguzo. Akavaa koti lile la shimoni.

Tulikaa nyuma ya nguzo, mimi na wazee wengine kadhaa wa kwaya ya zamani waliokuja na basi moja. Benchi la mbele yetu alikuwepo bibi mmoja mwembamba, na ilinichukua dakika kumtambua ni yule mama wa jagi, miaka imemla unene wote. Ilikuwa majira ya Pasaka. Vijana wa kwaya wakasimama na kinanda chao cha umeme, wakaanza wimbo ule ule. Mwalimu akashika ukingo wa benchi.

Ubeti wa kwanza ulikwenda kama kawaida. Wa pili ukashuka kidogo. Nikadhani masikio yangu yamezeeka. Wa tatu ukashuka tena, na hawakukosea, walishuka wote pamoja, kwa makusudi, kinanda kikiwafuata. Nilimgusa yule bibi begani, nikamuuliza kwa kunong'ona wimbo huu wamejifunza wapi kuushusha hivi.

"Si kwenu?" akasema. "Pale Butiama. Nilikuwa na jagi langu chini ya benchi, nikasahau hata kama ninalo. Watu wanashuka vile, maji ya nini? Tulishinda, ndiyo, lakini tulirudi na aibu. Tukakaa na huu wimbo miezi mingi mpaka tukaweza kushuka. Wanaume ndo walikuwaga wagumu. Sasa hawa watoto wanafundishwaga hivyo hivyo, wanajua ndivyo ulivyoandikwa." Akaniangalia vizuri. "Yule mwalimu wenu aliyekuwa anajikunaga sikio, yuko hai?"

Nikageuka kumtazama Mwalimu. Nilifurahi na kuumia kwa pamoja. Mwalimu alikuwa amesikia kila neno. Machozi yalimtiririka na hakuyafuta, alikuwa anasikiliza. Ubeti wa mwisho ulipoanza, akainua mkono wake wa kizee, akashusha kidole. Sisi wote wa Mukendo kwenye benchi lile tukabana pumzi. Yule bibi akatutazama, naye akabana, hajui kwa nini. Vijana wakashuka, wakashuka, shingo zikavimba, wakafika chini kabisa wakatulia hapo.

Mwalimu akainua kidole, tukapumua. Akaniinamia sikioni.

"Wamejitahidi," akasema. "Ila hawajafika tulipofikaga sisi. Betri yao bado mpya."